Mzigo Usio na Njia ya Kutoka

Kwa mara ya mia tatu na kumi na mbili, Kahangwa alikufa saa nne na dakika saba asubuhi.

Kreni ilimkuta kwenye njia panda ya reli ikambana na nguzo. Kiboksi cha njano kilichobeba jina lake kikageuka chekundu.

Akanywa maji, akabonyeza kitufe. Kiboksi kikatokea upya mlangoni mwa ghala, kizima kabisa, kikisubiri kupakiwa na magunia ya kahawa.

Alikuwa chumba namba sita, nyumba ya wageni ya Bakoba, Bukoba mjini. Kwenye daftari la wageni alijiandika Rugaibula, fundi wa mizani. Mezani palikuwa na kompyuta ya ThinkPad, bastola aina ya Glock 19 chini ya taulo, na sahani ya ndizi alizozisahau mpaka zikapoa. Kwa siku nne hakuwa amezungumza na mtu, ukimwacha dada wa chai, na hata huyo alikuwa ameacha kumuuliza hali.

Siku hizi ghala la mashine halijengwi kwa kubahatisha. Kwanza linajengwa ndani ya kompyuta. Unaweka mikanda ya kusafirisha mizigo, unaweka kreni, unaweka malori yanayochelewa na mota zinazoungua, kisha unauachia mwaka mzima upite kwa dakika tatu huku ukiangalia foleni inajaa wapi. Kazi hiyo inaitwa uigaji. Ukikosea humo, unafuta. Ukikosea kwenye zege na chuma, umekwisha.

Ghala la kahawa la Rweya Cargo, nje kidogo ya mji wa Muleba, lilijengwa hivyo. Aliyeliigiza ni mhandisi Celina Mwijage, miaka thelathini na mmoja, binti wa kijiji cha hapo hapo juu ya ghala. Alilipanga vizuri mno. Na kwa kuwa alilijua vizuri mno, ndiye aliyegundua kwamba kreni inachelewa sekunde arobaini na moja kila inapoingia safu ya nne. Kreni ya kweli ilikuwa inafanya kazi ambayo kreni ya kwenye kompyuta haikuagizwa. Kulikuwa na paleti kumi na mbili, vile vichaga vya mbao vya kupangia magunia, mle ndani ambazo orodha haikuzijua.

Alimuuliza bosi wake, mgeni mmoja aliyejiita Tauber. Hilo lilikuwa kosa.

Tauber alimnyang'anya simu, akamfungia chumba cha mitambo juu ya ghala, aendelee kuendesha mfumo humo humo. Wazazi wake waliambiwa yuko nje ya nchi kwa mafunzo. Zilikuwa zimepita siku ishirini na mbili.

Lakini Celina hakuwa mjinga. Kila mwezi faili la uigaji lilipelekwa forodha, na Tauber hakuwa na njia ya kulizuia bila kuulizwa maswali. Ofisa mmoja alilifungua akaona kiboksi kimoja kimekaa pembeni, nje ya mikanda yote. Alipokigusa yakatokea maandishi: *Celina. Kilo 58. Mzigo huu hauna njia ya kutoka.*

Ofisa yule alifunga mlango wa ofisi yake, akapiga simu Dodoma.

Amri ilimfika Kahangwa kwa mistari miwili.

MZIGO MMOJA, KILO 58.
UTOKE KABLA YA SAA KUMI JIONI, ALHAMISI.

Saa kumi Alhamisi ndipo lori la mwisho lingepakia zile paleti kumi na mbili na kuelekea mpakani. Baada ya hapo Tauber hangekuwa na haja tena na msichana anayejua zilikokuwa. Kuvamia kwa nguvu kusingesaidia. Ghala lilikuwa na nafasi elfu nne na mia nane za paleti, kuzipekua kungekula wiki nzima, na Celina angeuawa dakika ya kwanza.

Basi, mtu mmoja. Aingie peke yake, tena aingie kama kahawa.

Ndiyo maana Kahangwa alikuwa anajiua kwenye kompyuta tangu Jumapili.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Lori linatoka Kamachumu na kahawa iliyokwisha kupangwa kwenye paleti. Wapakiaji wanane wanazisukuma moja moja juu ya mkanda, moja kila sekunde tisini. Mizani inapima, taa ya kijani inawaka, paleti inaingia handakini. Ndani, kreni inaichukua. Na hapa Tauber alikuwa ameweka ujanja wake: hakutaka idadi ya paleti ghalani ibadilike hata kwa moja, mkaguzi asije akashtuka. Kwa hiyo kreni ilifungwa kwa sharti. Haitoi paleti mpaka iingize nyingine. Moja ndani, moja nje.

Kahangwa angekaa katikati ya magunia. Penye njia panda angekuwa na sekunde ishirini na tatu za kuruka, kuvuka reli na kushika ngazi ya kwenda juu kwa Celina. Akichelewa, kreni inarudi.

Jumatano jioni alipata jibu. Paleti yake ikiingia saa tatu na dakika hamsini na mbili, na wale wapakiaji wakishika mwendo wao, anapona mara tisini na sita kati ya mia.

Alimpigia Asha.

Asha alikuwa sauti tu, iliyokaa mahali fulani Dodoma. Miaka sita alikuwa akimwongoza sikioni, akimwita kwa namba yake ya kazi, Kumi na Tisa, na hawajawahi kuonana. Kahangwa alijua tu kwamba anakunywa chai akiwa kazini, kwa sababu alisikia kijiko.

"Tisini na sita," alisema.

"Na zile nne?"

"Zile nne usiziote."

Asha alicheka kidogo, kisha akakata.

* * *

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, Kahangwa alikuwa amekunjwa ndani ya paleti.

Aliyempanga ni Avit, msimamizi wa wapakiaji, mtu mzima wa miaka hamsini aliyekubali kuisaidia Idara ya Usalama kwa sababu alimbeba Celina mgongoni alipokuwa mtoto. Avit alitoa magunia matatu ya kati, akaweka vyuma chini kufidia uzito, akamwambia Kahangwa aingie kwa magoti. Kisha akafunika. Walikuwa wameongea Kiswahili tu, kikavu, cha ofisini. Avit hakuuliza mgeni huyu ametoka wapi, na Kahangwa hakusema.

Ndani kulikuwa na giza la katani na harufu ya kahawa kavu. Saa ya Casio ilisoma tatu na hamsini na mbili.

Mkanda ukavuta.

Taa ya kijani. Mizani imekubali.

Handaki.

Alianza kuhesabu. Kila kitu kilikwenda kama kwenye kompyuta, hata mtikisiko wa kona ya kwanza. Hamsini na tano. Hamsini na saba. Alishika kisu tayari kukata kamba ya gunia la mbele.

Hamsini na tisa, mkanda ukasimama.

Hakukuwa na king'ora wala kelele. Mota zilipungua sauti moja baada ya nyingine, taa zikazimika. Mfumo ukikosa mizigo nyuma unalala ili kuokoa umeme. Kahangwa alilijua hilo. Alijua pia kwamba mfumo ukilala, sensa za handaki zinaamka, na kitu chochote kikitikisika juu ya mkanda chumba cha mitambo kitajua.

Hakutikisika.

Sikioni kikasikika kijiko, kisha sauti.

"Kumi na Tisa, umesimama."

"Najua nimesimama," alinong'ona. "Kwa nini?"

"Wapakiaji wameondoka. Wote wanane."

"Wamekamatwa?"

"Hapana. Avit amenipigia. Anasema umsamehe sana, lakini kuna msiba."

Kahangwa alifumba macho.

Loo, aibu aliyoisikia mle ndani ya magunia. Uhayani mtu akifa, jembe haliingii ardhini mpaka azikwe. Kijiji kinaacha kazi. Anayelima analaza jembe, anayepakia anaacha gunia lilipo, kila mtu anakwenda kukaa na wafiwa. Hakuna anayeombwa ruhusa na hakuna anayeitoa. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo.

Na Kahangwa alizaliwa Kamachumu. Jina lake lote ni Mwesiga Kahangwa, na kibanja cha kwao, nyumba na migomba yake, kiko mwendo wa nusu saa kutoka alipokuwa amekunjwa. Katika uigaji wake aliweka mota kuungua. Aliweka umeme kukatika, mvua, pancha za malori. Aliweka hata nyuki, kwa sababu mwaka jana nyuki waliwahi kulifunga ghala hilo saa mbili nzima. Msiba hakuuweka. Miaka kumi na saba ya kulala nyumba za wageni ilikuwa imemfuta mpaka hapo.

"Nani amefariki?" aliuliza.

Asha aliweka kijiko chini.

"Datius Mwijage. Baba yake Celina. Amefia nyumbani alfajiri, habari ndiyo imewafikia wapakiaji sasa hivi."

Celina alikuwa mita arobaini juu ya kichwa chake, na hakujua.

"Usimwambie," Asha alisema. "Mpaka mfike Mwanza. Akijua atataka kwenda nyumbani, na nyumbani ndipo watakapomtafuta kwanza. Ni amri."

"Nimekusikia."

Kisha hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

* * *

Yaliyotokea juu, Celina alikuja kuyasimulia baadaye.

Tauber alikaa mbele ya skrini akaona paleti moja handakini na nyuma yake hakuna kitu. Kama hakuna kinachoingia, hakuna kitakachotoka. Zile kumi na mbili zilikuwa zimenaswa na sharti lake mwenyewe. Alimuuliza Celina kuna nini, Celina akachungulia dirishani, akaona jukwaa tupu na matoroli yameachwa yamelala, akajua mara moja kwamba kuna mtu amekufa. Akamwambia. Akamkumbusha kwamba yeye aliuweka msiba kwenye uigaji tangu mwanzo: mara sita kwa mwaka, siku mbili hadi tatu kila mara. Tauber ndiye aliyeufuta. Alisema mota zinakufa, mikanda inakufa, hayo ayaweke, lakini watu wa kijijini kuzikana si takwimu.

Tauber hakupenda kukumbushwa. Alimwita meneja wake, Ndyamukama, Mhaya wa makamo mwenye suti, akamwamuru akawarudishe wale wanane kwa hiari au kwa bastola. Ndyamukama alitia bastola kwenye mfuko wa koti akaondoka.

Saa moja ikapita. Hakurudi. Simu yake iliita bila kupokewa.

Saa ya pili ilipokaribia kwisha, Tauber alimshika Celina mkono. Walinzi wake wote walikuwa getini na kwenye lori. Sharti la kreni lingeweza kufunguliwa kwa mkono, lakini kisanduku chake kiko chini, penye njia panda.

"Twende," alisema.

* * *

Kahangwa alikuwa hana miguu.

Alikuwa nayo, lakini hakuisikia tena. Saa mbili bila kusogea, magoti kifuani. Jasho jembamba lilimtiririka. Aliwaza vitu ambavyo mtu wa kazi yake hapaswi kuviwaza. Aliwaza kwamba angekufa mle, wangemuandika Rugaibula, fundi wa mizani, na pasingekuwa na mtu wa kulaza jembe.

Taa zikawaka.

Hatua. Watu wawili.

Kwa upenyo wa magunia alimwona. Mwembamba kuliko picha ya Celina aliyopewa, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, midomo imekauka. Nyuma yake mtu mrefu mwenye bastola ya Beretta.

Celina alifungua kisanduku. Kioo kidogo kikaonyesha paleti iliyosimama handakini: kilo mia tisa na sitini, sawasawa. Lakini chini yake kulikuwa na mstari mwingine ambao ni yeye tu angeuangalia. Uzito ulikuwa umejaa chini na katikati. Kahawa haikai hivyo.

Aliitazama paleti. Kahangwa aliona macho yake yanapita juu ya magunia, yanasimama kwenye upenyo, yanaendelea.

Kisha akaanza kuongea Kihaya, polepole, uso kwenye nyaya za kisanduku, kwa sauti ya fundi anayeisema kazi yake mwenyewe. Alisema akiwasha, kreni itafika baada ya sekunde ishirini na tatu, kwa reli ya kulia. Alisema yeye ataangukia kushoto.

Tauber alimuuliza anasema nini.

"Nasali," alijibu.

Akawasha.

Moja. Mbili. Kahangwa alisaga meno, akakunjua vidole vya miguu.

Kumi. Mlio wa kreni ukaanza kusikika kutoka safu ya nne.

Kumi na nne. Kisu kikakata.

Gunia likaporomoka, naye akatoka nalo. Alipanga kuruka. Aliruka kweli, ila miguu ilikataa, akaanguka kifudifudi kwenye chuma. Tauber akageuka akafyatua. Risasi ilipita pale ambapo kifua chake kingekuwa kama angesimama. Ikatoboa gunia, na kahawa ikamwagika sakafuni.

Celina alijitupa kushoto.

Tauber akarudi nyuma hatua mbili apate kulenga vizuri. Hatua ya pili ilikanyaga reli ya kulia.

Ishirini.

Mgeni yule hakujua alipokuwa amesimama. Kahangwa alipajua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa amekufa pale pale mara nyingi mno hata asiweze kumtakia mtu mwingine kifo hicho.

Ishirini na moja.

Alijiburuta, akamshika kifundo cha mguu, akavuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Tauber alianguka juu yake. Kreni ikapita, tani sita, ikaacha upepo wa grisi usoni mwao. Beretta iliyomponyoka ikaangukia kwenye reli ilikatika vipande viwili.

Kahangwa alimpiga kiwiko kimoja cha shingo, akamfunga pingu kwenye ngazi.

"Kreni imeshaanza," Celina alisema. "Inaichukua paleti yako. Ikiingiza moja, inatoa moja."

"Iache itoe."

Ikatoa. Kutoka safu ya nne ikaja paleti ambayo haikuandikwa popote, ikapanda mkanda wa kutokea, ikaenda zake taratibu mpaka jukwaa la nje, walipokuwa wamesimama askari kumi na wawili kutoka Bukoba, walioitwa na Asha, na ofisa mmoja wa forodha aliyekuja na karatasi ya ukaguzi wa kawaida. Walivuta magunia ya juu. Chini yake kulikuwa na masanduku ya mitambo ya kuongozea makombora, bado yana nailoni. Walinzi wa getini walitazamana, wakaweka silaha chini.

Zile kumi na moja zilizobaki hazikuhitaji wiki. Celina alizitaja kwa kichwa, nafasi baada ya nafasi, ofisa akiandika.

* * *

Waliondoka saa saba mchana kwa Land Cruiser, kuelekea uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndege ya Mwanza ilikuwa saa kumi.

"Mzigo?" Asha aliuliza.

"Ninao."

"Safi. Ndyamukama bado hajapatikana, ana bastola. Usisimame popote."

Celina aliangalia nje. Mashamba yalikuwa matupu. Migomba ilisimama peke yake. Barabarani watu walikwenda mguu, wanawake wamejifunga kanga wamebeba mikungu ya ndizi na mafungu ya kuni, wote wakipandisha njia moja.

Kahangwa aliongeza mwendo.

"Yule ni Ma Annastella," Celina alisema. "Jirani yetu." Kisha, baada ya muda, "Na wale pia. Wanakwenda kwetu."

Kahangwa alibadilisha gia.

"Kaka, nakuuliza. Wanakwenda kwetu kufanya nini?"

Alikuwa amedanganya watu katika nchi tisa. Amewahi kumdanganya padri. Alifungua kinywa amdanganye na huyu, akashindwa. Alisimamisha gari pembeni akazima injini.

"Ni baba yako," alisema. "Leo alfajiri. Pole sana."

Celina hakupiga kelele. Aliinamia magoti yake akakaa hivyo, mgongo unatikisika, na Kahangwa alikaa kando yake asijue mikono yake aiweke wapi. Aliiweka kwenye usukani.

Alipoinuka aliuliza swali ambalo Kahangwa hakulitarajia. Alitaka kujua kwa nini alikaa saa mbili ndani ya yale magunia. Kahangwa akamweleza: alijiigiza mara mia tatu na zaidi, na hakuna hata mara moja alipoweka msiba.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kamachumu."

Celina alimtazama. Hapakuwa na hasira katika macho yake. Ilikuwa huruma, na Kahangwa angependelea hasira.

"Nikienda Mwanza nitarudi lini?"

Alijua jibu. Jina jipya, mji mpya, mwaka mmoja, kisha mwingine. Mtu anazoea. Anazoea mpaka anasahau jembe hulazwa lini.

"Hutarudi," alisema.

"Basi nipeleke nyumbani."

Asha alikuwa anasema kitu sikioni. Kahangwa alikitoa kile kidude, akakitia mfukoni, akageuza gari.

* * *

Kibanja cha marehemu kilijaa watu. Nyasi zilikuwa zimetandazwa uwanjani, wanaume upande mmoja, wanawake mlangoni. Celina alipotokea kati ya migomba kilio kilipanda, wanawake wakamfuata wakampokea, na katika mikono yote ile Kahangwa hakuweza tena kumwona. Avit alikuja akasimama kando ya mlango, wale wapakiaji wengine saba nyuma yake. Hakuna mtu ambaye angemgusa Celina hapo.

Isipokuwa mmoja.

Kahangwa alitia mkono ndani ya koti, kwenye Glock, akazunguka nyuma ya nyumba.

Ndyamukama alikuwa pale. Koti la suti lilikuwa limetundikwa kwenye mgomba, mfuko mmoja umelemewa na kitu kizito. Yeye mwenyewe amekunja mikono ya shati, suruali imejaa udongo, anasimika nguzo ya turubai. Alikuja kuwafukuza watu warudi kazini. Avit alisimulia baadaye kwamba alipofika alifungua kinywa, wazee wakamwangalia, mmoja akampa panga akamwonyesha miti ilipo. Na Ndyamukama akaenda kukata miti.

Kahangwa alichukua koti, akatoa risasi kwenye bastola bila kuitoa mfukoni.

"Tauber tunaye," alisema kwa sauti ndogo. "Na wewe unaondoka nami."

Ndyamukama hakushtuka. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Niache nimalizie hii nguzo. Usiku mvua itanyesha, watu watalowa."

Nguzo ilikuwa inayumba. Kahangwa aliitazama, akaangalia saa, akaishika kwa mikono miwili. Ndyamukama akashindilia udongo, akafunga kamba, akaivuta mara mbili kuhakikisha. Watu walipita na maji na majani ya migomba, na kwao hawa walikuwa wanaume wawili tu wanaofanya kazi.

Kisha wakashuka pamoja kwenye njia, bila pingu, wasiwasumbue wafiwa.

Mama mmoja mwenye kuni aliwapisha. Alimsalimu Ndyamukama kwa jina. Kisha akamwangalia Kahangwa, akauliza huyu mgeni ni wa kwa nani.

"Napita tu, mama," Kahangwa alisema.

Penye gari Ndyamukama alisimama.

"Wewe ni mtoto wa mwalimu Kahangwa," alisema. "Nilikuwa nakuangalia unavyoshika ile nguzo. Baba yako alinifundisha darasa la tano."

"Unanifananisha."

"Tulimzika mwaka juzi, mwezi wa nne."

Kahangwa alilijua hilo. Habari ilimfikia wiki sita baadaye, mji wa mbali, kwa sentensi moja, na aliisoma akaichoma kama alivyofundishwa.

"Mama yako alisema una safari, utakuja," Ndyamukama aliendelea, polepole, bila ubaya wowote. "Kwa hiyo hatukuzika. Tulikungoja siku nne, waitu, ndugu yangu. Palikuwa msimu wa palizi, na hakuna mtu aliyeshika jembe."

Upepo ulipita kwenye migomba. Huko juu walikuwa wameanza rozari.

Kwa muda mfupi Kahangwa alishika mlango wa gari kama mtu aliyesahau unafunguka upande gani. Kisha akaufungua.

"Angalia kichwa," alisema.

Ndyamukama akainama akaingia. Kahangwa alifunga mlango, akavaa miwani yake ya jua, akazunguka upande wa dereva.